Haki ya mshindi ni nini, na inatengenezwaje?

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Vita vinapoisha, aliyeshinda anamfikisha aliyeshindwa mbele ya hakimu kwa makosa ambayo yeye mwenyewe, au washirika wake, pia waliyatenda, na hakuna wa kumuuliza. Ya aliyeshindwa yanaitwa uhalifu wa kivita. Ya mshindi yanaitwa ajali ya vita, au hayaitwi kitu. Hali hiyo ndiyo inayojulikana kama haki ya mshindi.

Sisi wa Kanda ya Ziwa jambo hili limetupitia mlangoni. Mwaka 1994 Mto Kagera ulishusha maiti za Watutsi waliouawa Rwanda hadi ndani ya Ziwa Victoria. Nyingi ziliopolewa upande wa Uganda na kuzikwa sehemu kama Kasensero na Ggolo. Mwishoni mwa Aprili mwaka huohuo, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja. Mahakama iliyoundwa kushughulikia mauaji hayo ikawekwa Arusha. Kabla ya hapo tulikuwa na vita vya Kagera. Kwa hiyo mjadala wa nani ashtakiwe na nani aachwe hauishi, iwe ni kwenye kahawa Kirumba au ndani ya meli ya Bukoba. Tatizo ni kwamba wengi wakishasema "hiyo ni haki ya mshindi" wanakuwa wamemaliza kesi: mshtakiwa hana kosa, aachiwe. Hapo ndipo dhana inapopotea, maana mtu anaweza kuwa na hatia kamili, kwa ushahidi usio na shaka, na bado mahakama iliyomhukumu ikawa ya mshindi. Kasoro haiko kwake aliyesimama kizimbani. Iko kwa yule ambaye hakuitwa.

Upendeleo wenyewe hautengenezwi na jaji siku ya hukumu. Unatengenezwa mapema, kwenye hati inayoianzisha mahakama. Mvuvi anajua ni samaki gani watanaswa kwa kutazama tundu la wavu kabla mtumbwi haujasukumwa majini, na hati ya mahakama husomwa vivyo hivyo.

Chukua Nuremberg, mji wa Ujerumani ambako viongozi wa Kinazi walishtakiwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Marekani, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti walisaini hati yake London tarehe 8 Agosti 1945, siku mbili baada ya bomu la Hiroshima na siku moja kabla ya lile la Nagasaki. Hati inasema wazi kwamba mahakama ni ya wahalifu wakuu wa upande wa Ujerumani na wenzake wa Ulaya. Majaji na waendesha mashtaka wote walitoka katika mataifa hayo manne. Kwa maneno mengine, hata kama ushahidi wa uhalifu wa askari wa Kisovieti au rubani wa Kiingereza ungewekwa mezani ukiwa umekamilika, mahakama haikuwa na mamlaka ya kuugusa. Viongozi 22 walihukumiwa: 12 kifo, 7 vifungo, 3 wakaachiwa huru. Waliostahili walipata walichostahili, na kumbukumbu za kambi za mauaji zilizowekwa wazi pale zina thamani hadi leo. Lakini Dresden, mji wa Ujerumani ambako watu wapatao 25,000 walikufa kwa mabomu ya Waingereza na Wamarekani mnamo Februari 1945, haikuwa kesi ya mtu yeyote. Wala Wajerumani hawakubanwa sana kwa mabomu yao wenyewe juu ya miji, kwa sababu inayoeleweka: ukilifungua shtaka hilo, unajifungulia na wewe.

Katika kesi hiyohiyo kuna tukio ambalo kila anayetaka kuielewa dhana hii anapaswa kulijua. Admirali Karl Dönitz alishtakiwa kwamba nyambizi za Ujerumani zilizamisha meli za biashara bila onyo na kuwaacha manusura baharini, kinyume na sheria ya vita vya majini. Wakili wake, Otto Kranzbühler, hakujenga hoja kwamba "na ninyi mlifanya, kwa hiyo tusamehewe". Alijua hoja hiyo ingetupwa. Aliomba ruhusa ya kumpelekea maswali ya maandishi Admirali Chester Nimitz, mkuu wa majeshi ya majini ya Marekani katika Pasifiki. Nimitz alijibu kwa uaminifu: tangu siku ya kwanza ya vita na Japani, nyambizi za Marekani zilikuwa na amri ya kushambulia meli za adui bila onyo, na kwa kawaida hazikuokoa manusura pale ambapo kufanya hivyo kungeihatarisha nyambizi. Majaji walijikuta pabaya. Walitamka kwamba Dönitz alivunja sheria hiyo, kisha wakasema adhabu yake haikupimwa kwa uvunjaji huo. Alifungwa miaka 10 kwa makosa mengine. Kwa maoni yetu hii ndiyo sehemu ya uaminifu zaidi katika hukumu nzima, kwa kuwa mahakama ya mshindi ilikiri, japo kwa kuzungukazunguka, kwamba haiwezi kumwadhibu mtu kwa jambo ambalo mshindi alilifanya kama kazi ya kila siku.

Katyn ilikuwa kinyume chake. Mwaka 1940 polisi wa siri wa Stalin waliwaua Wapoland wapatao 22,000, wengi wao maofisa wa jeshi na polisi. Nuremberg mwendesha mashtaka wa Kisovieti aliwabambikia Wajerumani mauaji ya msitu wa Katyn. Mashahidi wakasikilizwa, watatu kila upande, na ushahidi dhidi ya Wajerumani ukalegea. Mahakama ingeweza kusema "Wajerumani hawakufanya hili", lakini swali la pili lingekuwa "basi nani?", na aliyehusika alikuwa amewakilishwa kwenye meza ya majaji. Hukumu ikanyamaza kabisa. Neno Katyn halimo. Moscow ilikiri Aprili 1990. Nusu karne familia zile zilikaa bila jibu, kwa sababu mwenye kosa alikuwa pia mwenye mahakama.

Tokyo, ambako viongozi wa Japani walishtakiwa kati ya 1946 na 1948, kasoro zilikuwa hizohizo, tena nzito zaidi. Mfalme wa Japani hakushtakiwa kwa kuwa Marekani ilimhitaji kutawala nchi kwa utulivu, na wataalamu wa Kikosi 731, waliofanya majaribio ya magonjwa kwa watu hai, walipewa kinga ili Marekani ipate matokeo ya utafiti wao. Jaji Radhabinod Pal wa India alipinga hukumu yote. Hapa ongeza jambo ambalo mara nyingi husahaulika: haki ya mshindi humlinda pia aliyeshindwa, ikiwa mshindi anamhitaji.

Tukirudi ziwani, njia inayotumika zaidi ni tarehe. Jeshi la waasi la NRA liliiteka Kampala na Museveni akaingia madarakani Januari 1986. Mwaka huohuo serikali mpya iliunda tume ya Jaji Arthur Oder kuchunguza ukiukwaji wa haki za binadamu Uganda. Ilikuwa kazi kubwa na ya maana, na mashahidi wengi walizungumza kwa mara ya kwanza. Sasa tazama mipaka ya muda: kuanzia 9 Oktoba 1962, siku ya uhuru, hadi 25 Januari 1986. Kampala ilichukuliwa tarehe 26. Hivyo yote ambayo askari wa serikali mpya waliyatenda baadaye kaskazini mwa nchi, kwa Waacholi na Walango, yalikuwa nje ya tume kwa tofauti ya siku moja kwenye kalenda. Hakuna jaji aliyepindishwa wala shahidi aliyenyamazishwa. Tarehe ilitosha.

Mahakama ya Arusha inaonyesha njia nyingine. Baraza la Usalama liliianzisha kwa azimio namba 955 la tarehe 8 Novemba 1994, ikiwa na mamlaka juu ya makosa yote ya mwaka 1994, kuanzia Januari hadi Desemba, bila kutaja upande. Kwa karatasi ilikuwa sawa. Hata hivyo, hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015 ilikuwa imeshtaki watu 93, na hakuna hata mmoja kutoka RPF, jeshi lililoshinda vita. Sababu yake ni ya kiutendaji: mahakama haina askari wala mpaka. Mashahidi, makaburi na nyaraka vilikuwa Rwanda, chini ya serikali ileile ambayo maofisa wake wangechunguzwa. Mwendesha mashtaka Carla Del Ponte alianza kuchunguza mauaji yaliyodaiwa kufanywa na RPF. Katikati ya 2002 masharti mapya ya safari yakawazuia mashahidi kufika Arusha na kesi zilizokuwa zikiendelea zikasimama. Agosti 2003 Baraza la Usalama likaigawa ofisi yake, naye akaondolewa kwenye faili la Rwanda. Atakayeusoma mkataba wa mahakama peke yake hataiona kasoro hii. Lazima uulize nani anatoa ruhusa ya kusafiri.

Lazima tuseme jambo kwa msisitizo, maana upotoshaji wake una madhara ya kweli katika eneo letu. Kudai kwamba wauaji wa RPF nao walipaswa kushtakiwa si sawa na kudai kulikuwa na "mauaji ya kimbari mawili". Mauaji ya Watutsi yalipangwa na yalilenga kuwafuta. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ni zaidi ya watu 800,000 kwa takribani siku 100. Mauaji ya kulipiza kisasi ni uhalifu, na kila aliyeuawa ana haki ya kesi yake, lakini ukubwa na nia vinatofautiana. Anayeyalinganisha ili yafutane anaitumia haki ya mshindi kama kichaka cha kukana.

Kisheria nako mlango huo umefungwa. Utetezi wa "na wewe pia" haukubaliki katika uhalifu wa kivita. Mahakama ya iliyokuwa Yugoslavia ililieleza hilo kwa urefu katika kesi ya Kupreškić mwaka 2000. Wajibu wa kutoua raia si mkataba wa kubadilishana kwamba ukivunja nami navunja. Kwa hiyo hoja ya upendeleo haimpunguzii mshtakiwa hatia. Inachofanya ni kudai faili la pili lifunguliwe.

Vita vya Kagera ni mfano wa aina ya tatu, pale ambapo hapakuwa na mahakama kabisa. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera Oktoba 1978, yakaua raia, yakapora na kuvunja daraja la Kyaka. Machi 1979 ndege ya Libya iliyotumwa kumsaidia iliirushia Mwanza makombora, ikakosa shabaha na kupiga hifadhi ya wanyama. Amin alifia Jeddah Agosti 2003 bila kushtakiwa popote. Upande wetu, JWTZ ilipoiteka Mutukula Januari 1979, mji ulisawazishwa kwa tingatinga na raia wakauawa kulipiza ya Kagera. Mwalimu Nyerere alipopata habari aliamuru raia na mali zao wasiguswe tena. Masaka nayo iliharibiwa vibaya mwezi uliofuata. Mtanzania anaweza kuamini kwa moyo wote kwamba sababu tulikuwa nayo, kama Mwalimu alivyotangaza, na bado akayataja ya Mutukula. Uhalali wa kuingia vitani ni swali moja, mwenendo ndani ya vita ni swali lingine, na sheria huyapima mbalimbali. Kuyachanganya ndilo kosa kubwa la mashabiki wa kila mshindi.

Kwamba inawezekana kufanya vinginevyo, Sierra Leone ilionyesha. Mahakama maalumu iliyoundwa huko ilimshtaki mwaka 2003 Sam Hinga Norman, waziri aliyekuwa madarakani, aliyeongoza wanamgambo waliopigana upande wa serikali, ambao wengi wa raia waliwaona mashujaa. Alifariki 2007 kabla ya hukumu. Wenzake wawili walitiwa hatiani. Hata hapo hati yenyewe iliyaacha makosa ya walinda amani wa kigeni kwanza mikononi mwa nchi zilizowatuma.

Kwa hiyo ukisikia mahakama au tume mpya imeundwa baada ya vita, itafute hati yake kabla ya kusikiliza hotuba. Angalia tarehe ya mwisho na uulize nini kilitokea siku iliyofuata. Angalia kama imetaja kundi au imetaja eneo: Uganda ilipopeleka shauri lake Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwishoni mwa 2003, barua ililitaja kundi la waasi la LRA, na mwendesha mashtaka akalazimika kufafanua kwamba atachunguza kaskazini mwa Uganda yote. Hati tano za kukamatwa zilizotolewa 2005 zote zilikuwa za makamanda wa LRA. Ofisi yake ilijitetea kwamba makosa ya LRA yalikuwa mazito na mengi zaidi, hoja yenye uzito, ila haijibu kwa nini makosa mepesi kidogo yasifike mahakama yoyote. Kisha uliza nani anashikilia nyaraka na nani anakamata.

Uhalifu wa aina hii haupitwi na wakati kisheria, kwa hiyo faili la mshindi linaweza kufunguliwa hata miaka 30 baadaye, na kwa nadra hutokea. Mwaka 2008 Arusha ilikabidhi kwa Rwanda faili moja la RPF, la mauaji ya maaskofu watatu na viongozi wengine wa kanisa huko Kabgayi Juni 1994. Maofisa wanne walifikishwa mahakamani. Makapteni wawili walikiri na kuhukumiwa kifungo cha miaka 8, kikapunguzwa hadi 5 kwenye rufaa, na wakubwa wao wawili wakaachiwa huru.