Usisubiri Tupaue

Wiki hii nimeupata tena ujumbe ule ule, safari hii kutoka kwa familia iliyohamia kwenye nyumba yao mpya huku pembezoni mwa Dar es Salaam: "Bwana asifiwe Mwinjilisti. Tunawaombea. Mkishapaua tutahamia rasmi." Nia yao ni njema, sina shaka. Lakini nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika kwa wote mliojenga Chanika, Madale, Kibamba na Kigamboni na mnatafuta pa kusali.

Mtaa mchanga, yaani tawi jipya la usharika kama letu ambalo jengo lake bado halijapauliwa, si chumba cha kusubiria kanisa. Sisi Walutheri tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 7, linasema kanisa ni kusanyiko la waamini ambamo Injili inafundishwa kwa usafi na sakramenti zinatolewa ipasavyo. Bati halimo. Paulo analisalimu kanisa lililomo nyumbani mwa Priska na Akila bila kuuliza kiwanja kimepimwa lini. Huko Dura-Europos, Syria, wanaakiolojia walichimbua nyumba ya kawaida ambayo katika karne ya 3 ilitengenezwa iwe mahali pa ibada na ubatizo. Vizazi vizima vya Wakristo viliishi na kufa katika imani bila kusikia kengele ya mnarani.

Jumapili yetu haitakushangaza. Liturujia ni ile ile, nyimbo ni zile zile, kwaya ni ndogo, na baada ya ibada kuna mnada wa kuku, mayai na ndizi kama ulikotoka. Mchungaji hutamwona kila wiki, maana ana usharika mzima na mitaa mingine. Utaombwa fedha za ujenzi, nawe utatoa unachoweza. Hayo yote utayazoea upesi.

Usichokitarajia ni jumuiya. Tunakutana nyumba kwa nyumba Jumamosi alfajiri, kabla watu hawajatawanyika kwenda kutafuta riziki. Wengi waliozoea usharika mkubwa wa mjini, ambako unaweza kusali miaka bila jirani wa kiti kujua jina lako, wanaiona jumuiya kama nyongeza ya wenye muda. Kwetu mambo ni kinyume: aliye kwenye jumuiya ni wetu hata Jumapili akiwa zamu kazini, na anayekuja Jumapili tu bado tunamhesabu mgeni. Ndugu zetu Wakatoliki walilisema hili mapema na wazi kutuzidi. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa kanda hii, walizifanya jumuiya ndogondogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji katika Afrika Mashariki.

Hapa naomba mnisikilize ninyi wenye nyumba zenye geti. Msiandae chai. Najua mnafanya kwa upendo. Lakini wiki hii mmeweka maandazi, wiki ijayo mwenzenu ataongeza mayai na soseji, na kabla mwezi haujaisha dada anayepanga chumba kimoja na kuuza mihogo barabarani atakuwa ametoweka. Zamu yake ilikuwa inakaribia. Hana sofa, hana vikombe vya kutosha, na hakuna aliyemfukuza kwa mdomo. Nikienda kumwona ananiambia biashara imembana. Siamini kuwa ni biashara. Ndiyo maana nasisitiza maji ya kunywa tu, mkeka unatosha, na chumba kikijaa wengine wakae nje mlangoni. Wapo wanaosema nimewanyima baraka ya ukarimu. Mwenye ukarimu amtembelee dada huyo Jumatatu kwa sukari na unga, bila mashahidi.

Jambo la pili litakalokushtua ni turubai. Majirani zetu wengi ni Waislamu, wakiwemo Wazaramo waliokuwa hapa kabla viwanja havijapimwa. Jirani akifiwa, jumuiya inakwenda. Wanaume wanabeba viti na lile turubai la ibada, kina mama wanaingia jikoni msibani, na tunakaa mpaka matanga yaishe. Kuna Jumapili tunasali juani kwa sababu turubai bado liko kwa jirani. Mgeni akiona hivyo hudhani hatuna utaratibu. Huo ndio utaratibu wetu.

Kisha linakuja swali linaloniudhi kuliko yote: "Wangapi wameokoka kwa hilo turubai?" Hatulitoi turubai ili tudai nafsi ya mtu. Atakayeuliza habari za Kristo tutamweleza waziwazi, wala hatufichi sisi ni nani. Lakini misioni si mradi wetu wa kuvuna majina. Tangu mkutano wa Baraza la Kimataifa la Misioni huko Willingen, Ujerumani, mwaka 1952, wazo hili limekuwa likikua: misioni ni ya Mungu mwenyewe, kanisa linashirikishwa tu. Aliyefiwa apate kivuli kwa sababu amefiwa. Basi.

Kuhusu bahasha, ile ya sadaka inayoonyesha umeandikishwa usharika gani, tuseme ukweli. Wengi mnasali kwetu huku bahasha ikibaki Sinza au Kijitonyama, na sababu mnayonong'ona ni siku ya kuzikwa: kule kuna kwaya kubwa, wachungaji watatu na wazee wanaowajua. Sikulaumu kwa kuwaza hivyo. Ila mama yako mzazi akizidiwa usiku, watakaofika kabla ya alfajiri ni hawa wa mkekani.

Sasa mashaka yangu. Nimesema mtaa mchanga ni kanisa kamili, na ungamo nililolitaja linataka Injili na sakramenti. Mimi mwinjilisti siruhusiwi kuongoza Chakula cha Bwana; tunamngoja mchungaji, na zipo nyakati tunamngoja sana. Roland Allen, mmisionari Mwanglikana aliyefanya kazi China na kufariki Nairobi mwaka 1947, alilipigania jambo hili maisha yake: makanisa machanga yaaminiwe, yapewe sakramenti na wachungaji wa kwao mapema. Naitii kanuni ya kanisa langu, na bado Allen ananinyima usingizi.

Shaka la pili ni zito zaidi. Viti vyetu vinajaa, lakini wengi wanaovijaza ni Wakristo waliohama nyumba tu. Sijui kama tungekua hivi bila kasi ya viwanja. Ndiyo sababu sifurahii sana mtu anaponipongeza kwa idadi.

Kwa hiyo, ukihamia, usianze kunitafuta mimi. Muulize jirani au mwenye duka jumuiya inakutana kwa nani Jumamosi hii, uende na Biblia yako. Kabla ya miezi mitatu utakuwa umeombwa kusoma somo, kumtembelea mgonjwa usiyemjua na kubeba viti msibani. Usiseme bado hujakua kiroho. Kubali au useme huwezi siku hiyo. Barua ya uhamisho inaweza kufuata baadaye, mzee wa jumuiya ataniletea.