Alama za vinasaba za mwatiko: yanayosemwa na ukweli wake

"Alama hubadilisha samaki." Hazibadilishi. Ni vipande vya DNA ambavyo mwatiko tayari anavyo, vinavyotofautiana samaki kwa samaki. Maabara huvisoma tu, ili kujua nani ni mzazi wa nani.

"Sampuli ya formalini inafaa." Formalini huharibu DNA. Kata ncha ya pezi, itie kwenye ethanoli ya asilimia 95 yenye ujazo mara kumi ya kipande, kisha ubadilishe ethanoli kesho yake, maana maji ya nyama huizimua. Mkasi usafishwe kila samaki.

"Tuazime praima za jamaa yake." Jamaa yupi? Mwatiko ndiye spishi pekee iliyobaki hai katika familia ya Chanidae, hivyo praima zake, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyonata pande mbili za alama, hutafutwa upya: DNA husomwa, programu husaka marudio kama CACACA, praima za herufi 20 hivi hupangwa kila upande. Marudio ya herufi mbili huteleza wakati wa PCR (kunakili DNA maabarani) na kuacha vivuli vinavyochanganya msomaji. Ya herufi nne, kama GATA, husomeka vizuri zaidi.

"Mstari ukionekana kwenye jeli, kazi imekwisha." Hapa ndipo wengi huumia. Aleli ni toleo la alama, na hutajwa kwa urefu wake. Tuseme dume ana aleli 182 na nyingine ambayo praima haiishiki, kwa sababu herufi moja imebadilika pale inaponatia. Mashine humsoma 182/182. Jike ni 190/194. Kifaranga aliyerithi 190 kwa mama na ile isiyoonekana kwa baba husomwa 190/190, na dume hukataliwa mtoto wake mwenyewe! Kwa hiyo pima kwanza samaki 30 hadi 50 wa baharini. Wenye aleli mbili zinazofanana wakizidi matarajio ya Hardy-Weinberg (hesabu ya idadi inayotarajiwa samaki wakizaana bila kuchaguana), ishuku alama hiyo. Kisha ijaribu kwa familia ambayo wazazi wake wanajulikana. Mara nyingi kuisogeza praima herufi chache hutibu, isipotibu, itupe.

"Vifaranga laki moja, damu haiwezi kuwa finyu." Kinachohesabiwa ni wazazi. Majike 20 na madume 2 ni sawa na 4 × majike × madume ÷ jumla yao, 4 × 20 × 2 ÷ 22, yaani wazazi 7 hivi, hata kama tangi limejaa. Na usitegemee DNA ya mitokondria (vinu vya nishati vya seli) kuligundua hilo: hurithiwa kwa mama, kwa hiyo madume 2 na madume 20 yangetoa majibu yaleyale.