Eti mazingira hayafundishiki onlaini?

Kila muhula ukianza lazima nilisikie, wakisema wanafunzi watasema wazazi, na juzi hapa Tanga kasema mhadhiri mwenzangu kabisa: "Kozi ya uendelevu si mpaka watu waende fildi, sasa onlaini watajifunza nini?" (Uendelevu, yaani kutumia vya leo bila kuwaharibia wa kesho.) Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Jamani, hiyo fildi mnayoililia mnaikumbuka lakini? Basi moja limejaa, mnashuka, mwenyeji anaongea nusu saa, wa nyuma hawasikii, picha ya pamoja, soda, mnarudi, na ripoti zote zinafanana hadi makosa. Mwanafunzi wa onlaini hajahama kwao. Wa Pangani anapima ufuo kwa kamba kila bamvu (maji yanapojaa sana), kuanzia kona ya nyumba mpaka alama ya maji kujaa (asipige kigingi, watoto watang'oa), na bamvu inakuja kila baada ya wiki mbili hivi, kwa hiyo muhula ukiisha ana namba zake mwenyewe siyo za kunakili. Wa Korogwe yuko jirani na mkonge, na jani la mkonge linatoa nyuzi asilimia 4 hivi tu, kinachobaki ni maji na makapi, basi aende aulize yanamwagwa wapi na kwa nini pale Hale walijenga mtambo wa kuyageuza biogesi. Sasa hao wawili wakutanishe kwenye jukwaa la Moodle (mfumo wa kusomeshea mtandaoni): mto unaopita Korogwe na Hale ndio huohuo unaomwaga maji baharini pale Pangani, uchafu wa mmoja unamfikia mwenzake, mchanga ukikwama kwenye mabwawa huko juu haufiki ufukweni. Hapo watabishana mpaka usiku, na hilo ndilo somo. Kinachoharibu ni sisi walimu kupandisha slaidi tisini halafu tunaziita kozi.

Na mengine ninayoyasikia: "Uendelevu ni kupanda miti." Miti imo, ila malengo ya Umoja wa Mataifa ya 2015 yako 17, mna maji, kazi, jinsia, na lengo dogo la 4.7 linataja elimu hii yenyewe. Soma.

"Onlaini haichafui kabisa." Inachafua kidogo. Utafiti wa Open University ya Uingereza wa 2005 ulikuta kozi za masafa (unasomea kwako, si kampasi) zinatumia nishati pungufu kwa karibu asilimia 90 kuliko za kampasi, sababu kubwa safari na makazi ya wanafunzi, lakini onlaini ikilinganishwa na masafa ya vitabu vya kuchapa tofauti haikuwa kubwa hivyo. Ndo maana nagomba nikiona mtu anaprinti noti zote pale steshenari.

"Bila bando kubwa husomi." Programu ya Moodle inakuruhusu kushusha masomo ukiwa na waifai ukasome baadaye bila mtandao. Mimi mtu akinitumia picha moja ya kipimo chake na voisi ya dakika mbili akieleza alichokiona, namsahihisha vizuri tu kuliko Zoom ya saa tatu ambayo nusu ya darasa imelala.