Mtoto kapooza Lilongwe, mbona wa Kyela ndo anapewa matone ya polio?

Sisi wa chanjo hili swali tunaulizwa sana, hasa mikoa ya mpakani. Mama anakwambia polio iko Malawi, mwanangu kadi yake ya kliniki imejaa, sasa mnanigongea hodi ya nini? Ni swali la haki kabisa, na nalijibu kwa kirefu maana tukijibu kwa mkato ndo maneno yanaanza mtaani.

Turudi 2022. Mwezi wa pili Malawi walitangaza wamepata polio ya asili, yaani ile isiyotokana na matone ya chanjo, mtoto wa kike wa miaka 3 pale Lilongwe, alianza kulegea Novemba 2021. Watu wa afya tulishtuka kwelikweli, kwa sababu Agosti 2020 ukanda wa Afrika ulikuwa umeshathibitishwa hauna tena polio ya aina hiyo, na maabara walipokichambua kile kirusi wakakuta ukoo wake uko Pakistan, jimbo la Sindh. Yaani kimesafiri kimyakimya hadi Lilongwe na hakuna aliyekiona. Inawezekanaje? Ni hivi, kati ya watoto 200 wanaoambukizwa anayepooza ni kama 1 tu, waliobaki wanacheza, wanakula, hawana hata homa ya maana, ila wakienda chooni wanakitoa. Kwa hiyo ukiona mmoja kalegea jua wenzake wengi wanacho na wanatembea.

Na huku kwetu watu wanatembea jamani. Kati ya Kyela yetu na Karonga ya Malawi kuna mto Songwe tu, Wanyakyusa na Wangonde ni watu wanaosikilizana lugha, wanaooana, msiba ukitokea ng'ambo watu wanavuka na watoto mgongoni. Malawi wakichanja mwezi wa tatu sisi tukasubiri wa saba, kuna mtoto siku ya kwao alikuwa kwa bibi yake huku, na siku ya kwetu kesharudi kule, huyo kakosa kote kuwili. Ndo maana Machi 2022 Malawi, Msumbiji, Zambia na Tanzania waliingia kazini ndani ya wiki ileile, lengo watoto zaidi ya milioni 9, na kwa upande wetu tukaanza na Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, baadaye nchi nzima. Zimbabwe nao wakaungana. Haikuwa hofu ya bure, mwezi wa tano Msumbiji wakapata mgonjwa kule Tete na mwisho wa siku walifika 8.

Watu wakisikia ushirikiano wa kimataifa wanawaza mawaziri na picha ya pamoja. Mimi nawaza kopo la kinyesi. La yule mtoto wa Malawi lilipimwa Afrika Kusini, na sampuli zetu sisi zinaenda Entebbe, Uganda, kwenye taasisi yao ya utafiti wa virusi, zikiwa kwenye kiboksi chenye barafu na karatasi zake. Likikwama mpakani likapata joto kazi imeharibika, na hakuna hotuba itakayoirudisha.

Sasa hao wanaokosa chanjo ni akina nani? Mara nyingi si mtoto wa mjini ambaye kliniki iko mtaa wa pili. Ni wa kambi ya wavuvi, wa wafugaji wanaohama, wa mama anayelima kibarua ambaye akienda kliniki anapoteza siku nzima ya hela. Chanjo ni bure ndiyo, lakini bodaboda si bure! Kwa mawazo yangu hapo ndo pana ugonjwa wenyewe, polio inakuja tu kutuonyesha ni nyumba gani tulizoziruka. Ndo maana tunapita mlango kwa mlango, tunapaka wino kidole kidogo, na mtoto aliyekutwa pale anachanjwa hata kama wazazi wake ni wa ng'ambo.

Na ukitaka kuhakikisha chanjo haijaharibika, mwambie mchanjaji akuonyeshe kichupa. Kina duara na ndani yake kimraba, kimraba kikiwa cheupe kuliko duara iko sawa, kikifanana rangi au kikizidi weusi hiyo ilishapata joto, haitakiwi kutumika. Kuuliza si ukorofi.

Mlipuko ule wa Malawi na Msumbiji ulitangazwa umekwisha Mei 2024. Ila katikati, 2023, Burundi wakapata polio ya aina nyingine, na sisi tukapata mgonjwa Rukwa. Hii inatokana na kirusi dhaifu cha kwenye matone, ambacho kikizunguka muda mrefu sehemu yenye watoto wengi wasiochanjwa kinabadilika na kupata nguvu. Wengine wanaitumia kukataa chanjo wakati kinachoizuia ni kuchanja watoto wote, na Septemba ile tukachanja tena mikoa ya mpakani.

Kwa hiyo ukiona mtoto wa chini ya miaka 15 kalegea ghafla mguu au mkono, hakuanguka wala nini, usimpeleke kukandwa kwanza, toa taarifa kituo cha afya siku hiyohiyo. Zinatakiwa sampuli 2 za choo, zipishane angalau saa 24, na zote zipatikane ndani ya siku 14 tangu alegee, maana zikipita hizo uwezekano wa kukikuta kirusi unapungua sana.