Draivu kongwe za kuchoma CD: usikimbilie kasi, linda bafa

Kanda za taarab bado zimejaa majumbani, Unguja na Pemba, na draivu za CD za miaka ya 1990 bado zipo makabatini. Kazi ya kuhamisha kanda hizo kwenye CD zinaiweza, ila zina masharti, na sharti kubwa ni data isikatike njiani.

Kwa muziki, kasi ya 1x ni kilobaiti 176 kwa sekunde: CD ya dakika 74 huchomwa kwa dakika 74. Philips CDD 521 ya mwanzoni mwa miaka ile ilichoma kwa 2x, yaani dakika 37, kwa bei ya studio na makampuni. Mwaka 1995 HP ilitoa 4020i, nayo ya 2x, ikishuka chini ya dola 1,000. Bado ilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida.

CD nyingi ziliharibikia kwenye bafa, yaani kumbukumbu ndogo ya draivu inayoshika data inayosubiri kuchomwa. Leza ikishaanza haisubiri mtu. Kompyuta ikizubaa, draivu hula akiba iliyomo kwenye bafa, na megabaiti 1 kwa 2x haifiki mbali: sekunde tatu hivi. Ikiisha, CD ndiyo imekwenda, haifutiki tena. Kinga ya BURN-Proof ya Sanyo, inayosimamisha uchomaji bafa ikikaribia kuisha kisha kuuendeleza, ilikuja mwaka 2000. Draivu za kabla yake hazina.

Kwa hiyo usichome moja kwa moja kutoka kwenye kaseti. Ingiza kanda kwanza kwenye kompyuta iwe faili la sauti la WAV. CD nzima hula karibu megabaiti 780 za diski. Zima skrinseva na antivairasi, chomoa waya wa mtandao, fanya jaribio leza ikiwa kwenye nguvu ndogo isiyochoma, kisha ndiyo uchome. UPS, betri ya akiba ya umeme, ni lazima: umeme ukipepesa tu, kompyuta ikajiwasha upya, CD imeharibika. Kanda ya C60 inaingia yote. C90 haiingii, weka kila upande kwenye CD yake.

Nyimbo zilizorekodiwa ukumbini, vigelegele vikiunganisha wimbo na wimbo, zichome diski nzima kwa mkupuo mmoja. Ukichoma wimbo mmoja mmoja, leza huzimwa katikati na kimya cha sekunde mbili hukata shangwe. Inauma kusikiliza.

Ukimaliza, funga CD kwa programu ya kuchomea (finalize). Isipofungwa haina orodha ya nyimbo, na redio ya CD itaizungusha weee kisha itaitema. CD-RW, ile inayofutika na kuchomwa tena, usimpe mtu mwenye redio ya zamani: hurudisha mwanga asilimia 15 hadi 25 tu, ilhali CD-R, ya kuchomwa mara moja, hufika 65 na zaidi. Deki za DVD za mwanzo nazo nyingi hazisomi CD-R, kwa sababu leza yao ya nanomita 650 haioni vizuri rangi ya CD-R, iliyotengenezwa isomwe na leza ya nanomita 780.

Andika jina kwa kalamu ya wino yenye ncha laini, usitumie bolpeni. Muziki umelala chini ya upande wa maandishi, umefunikwa na vanishi nyembamba tu. Mkwaruzo wa upande huo hausafishiki.