Kutoa mpira nje mtu akiumia si sheria

Jukwaani kwenye uwanja wa Mkwakwani, Tanga, mchezaji akilala chini, kelele ni moja: "Toeni nje!" Timu isipotoa, inazomewa kana kwamba imevunja sheria. Haijavunja.

Sheria ya 5 ya soka inampa mwamuzi peke yake kazi ya kusimamisha mchezo. Jeraha likiwa kubwa, anasimamisha mchezo. Likiwa dogo, mchezo unaendelea mpaka mpira utoke. Akisimamisha mchezo mpira ukiwa ndani ya boksi, anamdondoshea mpira kipa wa boksi hilo, na wengine wote wanakaa angalau mita 4. Kwa hiyo beki ukiwa na mpira, usijihimize kuutoa. Sikiliza filimbi.

Tatizo hasa huja baada ya kuutoa. Wapinzani wakirusha, desturi inawataka waurudishe, lakini hakuna kifungu kinachowalazimisha. Wakipasiana wakafunga, goli ni halali, na mwamuzi akilikataa yeye ndiye aliyekosea. (Mrushaji akitupia moja kwa moja golini, hilo si goli, inapigwa goli kiki.)

Mwaka 1999, kwenye Kombe la FA la Uingereza, Kanu wa Arsenal aliunasa mpira uliokuwa ukirudishwa kwa Sheffield United, akamtengea Overmars, goli. Mwamuzi alilikubali, na kwa sheria alikuwa sahihi. Kocha Wenger ndiye aliyejitolea mechi irudiwe. Ikarudiwa, Arsenal ikashinda tena 2-1.

Manahodha wakubaliane mapema, kabla ya kurusha sarafu: tukiurudisha, tunaupeleka kwa kipa, si pembeni kwenye kona yenu mkabanwe. Kuupeleka konani nako ni ujanja tu.