Farasi kumi na tano nyuma ya mtumbwi

Siku moja pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, fundi wa mashine za mitumbwi alikuwa akimsifia mteja bidhaa yake: "Mzee, hii ni nguvu farasi 15. Yaani umefungiwa farasi kumi na tano nyuma ya mtumbwi." Mzee akauliza wanakula nini. "Petroli," akajibiwa, na watu wakacheka.

Kati yetu tuliokuwa pale sidhani kama yupo aliyewahi kumgusa farasi. Punda tunawajua, na maksai wanalima Magu na Kwimba. Farasi tumemkuta kwenye vitabu vya dini, kwenye picha na ubavuni mwa injini, basi si ajabu kwamba mengi tunayosema juu yake yamepinda.

Tuanze na la fundi. Eti nguvu farasi moja ni uwezo wote wa farasi mmoja. Kipimo hicho kilienezwa na James Watt, Mskoti wa karne ya 18, aliyekuwa akiuza injini za mvuke kwa watu waliozoea kuzungusha mitambo yao kwa farasi. Alitaka hesabu ambayo mnunuzi ataielewa bila kwenda shule. Ukiipima leo, ni kama kuinua kilo 75, mfuko mmoja na nusu wa saruji, kwenda juu mita moja kila sekunde. Farasi wa kazi akishinda akivuta kutwa nzima hutoa kiasi hicho au pungufu. Lakini akijikamua kwa sekunde chache anaweza kupita mara kumi ya hapo. Kwa hiyo farasi mmoja aliyekurupuka angeikaribia mashine ya yule fundi, kisha angesimama akihema, na mashine ingeendelea mpaka Ukerewe.

Eti magari ya vita, yale ya kukokotwa na farasi, yalianzia kwa Farao. Hili tumelipata kwenye kitabu cha Kutoka, na wala kitabu chenyewe hakisemi hivyo. Piramidi kubwa ya Giza ilijengwa miaka ya 2500 hivi KK, na hakuna farasi aliyevuta hata jiwe moja, maana Misri ilikuwa bado haina farasi. Walikuja kuzoeleka huko baadaye sana, kwenye karne ya 17 KK, zama za Wahyksos, watawala wenye asili ya Asia. Magari ya kale zaidi yanayojulikana yalifukuliwa makaburini kwenye nyika za kusini mwa Urali, mpakani mwa Urusi na Kazakhstan, na umri wake ni kama miaka 4,000. Gurudumu lenyewe lilikuwepo zamani kuliko hapo, ila lilikuwa kipande kizima cha mbao, zito, la kuvutwa na ng'ombe. Kilicholeta mbio ni spoki. Aliyewahi kupakia magunia mawili ya mkaa kwenye baiskeli anajua vijiti vile vyembamba vinabeba nini.

Eti gari la vita lilikuwa kama kifaru cha jeshi, la kuwagonga na kuwaponda adui. Kaburi la Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922 yalikutwa magari sita, yamefunguliwa vipandevipande. Ukiyaangalia unashangaa wepesi wake: mbao zilizopindwa, ngozi, na sakafu iliyosukwa kwa mikanda ya ngozi, sawasawa na kitanda cha kamba. Ule msuko ndio uliokuwa springi yake. Mpiga upinde anasimama juu yake, gari linaruka kwenye mashimo, mguu unanesa, mshale hauendi ovyo. Ukiligongesha kwenye ukuta wa mikuki unabaki na kuni, na farasi mwenyewe hakubali kujitupa hapo. Kazi ya gari ilikuwa kupita kasi, kurusha mishale na kuondoka, tena kwenye ardhi tambarare. Kwa mawe yetu haya ya Mabatini na Igogo, Farao Ramesses II angeshuka akatembea.

Na huyo Ramesses, kwenye vita vya Kadeshi, Syria, mnamo 1274 KK, alijichonga kwenye kuta za mahekalu kama mshindi. Mji ulibaki mikononi mwa adui zake, Wahiti.

Eti vifaru vilipokuja, farasi akastaafu. Jeshi la Ujerumani la Vita vya Pili, lile tunalolijua kwa vifaru, lilitumia farasi zaidi ya milioni mbili kuvuta mizinga na chakula.

Linaloniudhi ni hili la mwisho: eti Waafrika hatukuwa na akili ya kutumia farasi. Mfalme Piye wa Kushi, Sudan ya leo, alipouteka mji wa Hermopolis kwenye karne ya 8 KK aliandikisha kwenye jiwe hasira yake kwa kukuta farasi wa mpinzani wamelazwa njaa. Bornu na Oyo, dola za Afrika Magharibi, walikuwa na majeshi ya wapanda farasi. Ethiopia vilevile.

Huku kwetu kilichomzuia farasi ni wadudu. Ndorobo humwambukiza ugonjwa wa nagana, na visubi, wadogo kiasi kwamba unawasikia kwa kuwashwa tu, hueneza virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika. Farasi wengi wanaoupata hufa ndani ya siku chache. Pundamilia anaambukizwa na kuendelea kula majani. Mwaka 1871 Stanley, yule msafiri Mzungu, aliondoka Bagamoyo na farasi wawili, na wote wakafa kabla hajafika mbali. Aliporudi na safari nyingine, mashua yake, Lady Alice, ilikatwa vipande ikabebwa na wapagazi kutoka pwani, ikaunganishwa Kageye, Magu, na kuingizwa ziwani Machi 1875. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wakienda pwani na mzigo wa kilo thelathini hivi begani, miezi mitatu njiani, na hiyo ilikuwa biashara yenye viongozi wake, vituo vyake na bei zake.

Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, mzigo ulihama kutoka begani ukapanda treni. Farasi tulimruka. Tukakutana naye baadaye, Mwaloni, amechorwa namba 15.